Jembe, Dawati na Karakana: Mazingira ya Shule na Hatima ya Sera za Elimu Tanzania

Kila mwaka sisi tunaofundisha ualimu huondoka vyuoni kwa wiki kadhaa kwenda kuwakagua walimu tarajali walio katika mazoezi ya kufundisha. Katika msimu uliopita nilifika kwenye shule moja ya sekondari ya kata, mbali na barabara ya lami. Mwalimu tarajali niliyekwenda kumkagua alinikabidhi andalio la somo lililopangika vizuri: wanafunzi wangekaa katika makundi ya watano watano, wangetazama picha kwenye kishikwambi, wangejadiliana, kisha kila kundi lingewasilisha mbele ya darasa. Hayo ndiyo mtaala unayoyataka. Darasani nilikuta wanafunzi 96. Meza na viti vilibanwa hadi ukutani, hapakuwa na njia ya kupita katikati, na kishikwambi kilikuwa kimoja, tena chaji ilikwisha tangu asubuhi. Binti yule aliliweka andalio kando, akachukua chaki, akafundisha kwa kuandika ubaoni na kuwauliza wanafunzi maswali waliyoyajibu kwa pamoja. Alifundisha vizuri. Tulipotoka nje aliniuliza: "Dokta, utanipa alama kwa kufuata andalio au kwa kufuata darasa?"

Sikumjibu papo hapo. Niliondoka na swali lake, na ndilo lililonifanya niandike makala haya. Ukiliangalia kwa makini, ni swali ambalo shule za nchi hii zimekuwa zikiiuliza serikali kwa takriban miaka mia moja, tangu enzi za mkoloni hadi leo. Serikali huandaa andalio, shule huwa na darasa lake, na viwili hivyo mara nyingi havifanani. Hoja yangu ni kwamba sera ya elimu haitekelezwi kama ilivyoandikwa. Hutekelezwa kama mazingira ya shule yanavyoruhusu. Na ninaposema mazingira sikusudii majengo peke yake. Namaanisha pia idadi ya watoto na walimu, umbali wa kutembea, chakula, lugha inayosemwa nje ya darasa, na kumbukumbu ambayo wazazi wanayo kuhusu shule. Hilo la mwisho tumelisahau mno, nami nitalirudia.

Mkoloni na Malangali

Mwaka 1924 Tume ya Phelps-Stokes ilizuru Afrika Mashariki na kuishauri serikali ya kikoloni kwamba elimu ya Mwafrika iendane na maisha yake ya kijijini: kilimo, afya, ufundi na maadili ya jamii. Ushauri huo uliingia katika sera ya Waingereza mwaka uliofuata. Kwa maneno ulikuwa ushauri mzuri. Jaribio lake lililojulikana zaidi katika Tanganyika lilifanyika Malangali, Iringa, kuanzia mwaka 1928, chini ya mkuu wa shule W. B. Mumford. Mumford alijenga shule kwa mfano wa makazi ya wenyeji, akaingiza mavazi, ngoma na desturi za makabila ya eneo lile, akawaalika wazee kushiriki katika malezi ya vijana. Alitaka shule iwe sehemu ya mazingira yake.

Jaribio hilo halikudumu. Sababu yake inafundisha. Mazingira halisi ya mwanafunzi wa Malangali hayakuishia kwenye nyumba za nyasi na ngoma. Yalikuwa ni pamoja na ofisi ya Mkuu wa Wilaya, kodi, duka la Mhindi na karani aliyelipwa mshahara kwa sababu alijua Kiingereza. Kijana aliona kwa macho yake ni elimu gani iliyofungua milango na ni ipi iliyoifunga. Tena alijua kwamba huko Tabora serikali hiyo hiyo ilifungua shule mwaka 1925 kwa ajili ya watoto wa machifu, na waliosoma huko walikuwa wanaandaliwa kutawala. Ukimwambia mtoto wa mkulima kwamba elimu ya jembe inamfaa yeye, na elimu ya kalamu inamfaa mwenzake, atakuelewa vizuri kuliko ulivyokusudia.

Kosa la pili la mkoloni lilikuwa la kimya zaidi, nalo linatusumbua mpaka leo. Serikali ilitoa ruzuku kwa shule za misheni zilizotimiza masharti yake: walimu waliofuzu, majengo yanayokubalika, mtaala uliopitishwa. Sharti hilo lilionekana la haki kwa kuwa lilikuwa moja kwa wote. Lakini shule zilizoweza kulitimiza zilikuwa zile zilizokwisha kuwa na nguvu, hasa katika maeneo ya Kilimanjaro, Bukoba na Rungwe, ambako misheni zilijikita mapema na mazao kama kahawa yaliwapa wazazi fedha. Shule ndogo za katekisimu na maeneo yasiyo na misheni kubwa hayakuwa na cha kuonyesha, kwa hiyo hayakupata. Mwenye nacho akaongezewa. Ramani ya shule tuliyoirithi mwaka 1961 ilichorwa namna hiyo.

Katika miaka ya 1950 mkoloni alirudia wazo la kilimo kupitia shule za kati, zilizochukua darasa la tano hadi la nane. Zilipewa mwelekeo wa kilimo, na wazazi wengi wakalalamika kwamba watoto wao walipelekwa shule kulima badala ya kusoma. Karibu na uhuru mwelekeo huo ulikuwa umelegezwa. Lakini jembe lilikwisha kuacha alama katika kumbukumbu za watu.

Elimu ya Kujitegemea na kumbukumbu ya jembe

Machi 1967, mwezi mmoja tu baada ya Azimio la Arusha kutangazwa, Mwalimu Nyerere alitoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea. Naliona hadi leo kuwa andiko bora kabisa la sera ya elimu lililowahi kutolewa na kiongozi wa Afrika. Mwalimu alieleza bila kificho kwamba ni takriban asilimia 13 tu ya wanaomaliza shule ya msingi walioweza kupata nafasi ya sekondari, na kwamba shule iliyowaandaa wote kwa ajili ya wachache hao ilikuwa inawadhulumu walio wengi. Alitaka elimu ya msingi ijitosheleze, mtihani upunguziwe uzito, na kila shule iwe jumuiya inayozalisha, huku wanafunzi wakishiriki kupanga na kuamua.

Kuna mahali palipofanana sana na andiko hilo. Huko Ruvuma, mwanzoni mwa miaka ya 1960, vijana wa TANU wakiongozwa na Ntimbanjayo Millinga walianzisha kijiji cha ujamaa cha Litowa, na baadaye vijiji kadhaa vikaungana katika Chama cha Maendeleo cha Ruvuma. Litowa palikuwa na shule iliyohudumia watoto wa vijiji wanachama. Watoto walilima pamoja na watu wazima, waliona mavuno yalikokwenda, na walikuwa na sauti katika mambo ya shule. Elimu ya kujitegemea ilifanya kazi pale kwa sababu ilikuwa maisha ya kawaida ya kijiji. Hakuna aliyehitaji waraka kuieleza.

Sasa itazame sera ile ile ilipotumwa nchi nzima. Ilifika mjini, kwenye shule zisizo na ardhi. Ilifika katika maeneo makavu ya Dodoma na Singida, ambako hata mkulima mzoefu huikosa mvua. Ilimfikia mwalimu aliyefundishwa kufaulisha mtihani, asiye na utaalamu wa kilimo, na aliyejua kwamba mkaguzi akija atauliza ekari ngapi zimelimwa. Na mtihani wa darasa la saba uliendelea kuwa mlango mwembamba ule ule. Mwalimu huyo alifanya lililowezekana: aligawa ngwe. Mwanafunzi aliyechelewa alipewa ngwe, aliyepiga kelele alipewa ngwe, na mavuno, pale yalipopatikana, yaliingia katika mfuko wa shule bila mtoto kujua hesabu yake. Jembe likawa adhabu. Wazazi wakakumbuka shule za kati za mkoloni, wakasema ni yale yale.

Hapa ndipo ninapoona mkasa wa sera ile. Mwalimu Nyerere alitaka kulitakasa jembe, lakini lilifika shuleni likiwa na historia yake. Na Litowa, ambako historia hiyo ilikuwa imeanza kuandikwa upya, hapakuachwa pawe mfano. Septemba 1969 TANU ilikivunja Chama cha Maendeleo cha Ruvuma, kwa kuwa viongozi walikiona kama chama kinachojiendesha nje ya mikono yao. Kwa hiyo mwaka wa pili tu baada ya andiko, serikali iliyolitangaza ilishiriki kuyavunja mazingira yaliyolifaa kuliko yote. Sera inayodai wananchi waamue inahitaji watawala wanaokubali kuamuliwa.

Shule kwa kila mtoto

Novemba 1974 TANU ilikutana Musoma na kuamua kwamba lengo la elimu ya msingi kwa wote, lililopangwa kufikiwa mwaka 1989, lifikiwe mwaka 1977. Ada ya shule za msingi ilikwisha kuondolewa mwaka 1973. Uamuzi huu ulipata msaada mkubwa wa mazingira: katika miaka hiyo hiyo watu walikuwa wakihamishiwa vijijini, na kijiji kilikuwa rahisi kujengewa shule kuliko kaya zilizotawanyika. Uhamisho wenyewe ulikuwa na machungu yake, wala siyafichi, lakini kwa mtoto aliyekuwa akitembea nusu siku, shule ilisogea. Wananchi walifyatua matofali, walibeba maji, walijenga. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 uandikishaji ulikuwa umevuka asilimia 90. Nchi chache maskini duniani zilikuwa zimefanya hivyo kwa muda mfupi kiasi kile.

Walimu hawakutosha, kwa hiyo makumi ya maelfu ya vijana, wengi wao wakiwa wamemaliza darasa la saba, waliandaliwa vijijini kwa masomo ya posta, vipindi vya redio na usimamizi wa walimu wenyeji. Watu waliwadharau kwa jina la "walimu wa UPE". Nina neno la kuwatetea. Walikuwa watu wa hapo hapo. Walijua njia ya kila nyumba, hawakuomba uhamisho kila muhula, na mtoto asipofika shuleni walijua yuko machungani. Kanga hazai ugenini, wahenga walisema, na wengi wa walimu tunaowapanga leo mbali na kwao, bila nyumba, wanauthibitisha usemi huo kwa barua zao za kuomba kuhama. Walichokosa walimu wa UPE ni maarifa ya kutosha ya masomo, na hilo lilihitaji vitabu na mafunzo kazini. Badala yake zilikuja bei kubwa za mafuta, Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, na miaka ya uhaba ambamo shule zilikosa hata chaki. Nyumba za walimu zilichakaa, paa zikavuja, na kuanzia katikati ya miaka ya 1980 michango na ada vikarudi chini ya sera ya kuchangia gharama. Kufikia miaka ya 1990 uandikishaji ulikuwa umeshuka chini ya asilimia 80. Hakuna sera iliyofuta elimu kwa wote. Ilichakaa pamoja na majengo.

Lugha nayo ni mazingira

Mfano mwingine hauhusu saruji hata kidogo. Tangu 1967 shule zetu za msingi za umma zimefundisha kwa Kiswahili, na sekondari zikaendelea kwa Kiingereza. Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kianze kutumika sekondari kuanzia 1985. Serikali haikukubali. Mwaka 1984 watafiti wawili, Criper na Dodd, walieleza kwamba wanafunzi wengi wa sekondari hawakuwa na Kiingereza cha kuwawezesha kusoma masomo yao. Jibu likawa ni kuimarisha Kiingereza.

Kiimarike wapi? Mtoto anayeamka kwa Kiswahili au lugha ya kabila lake, anayetuma ujumbe, anayecheza, anayeswali, anayeimba, anayegombana kwa Kiswahili, hukutana na Kiingereza kwa vipindi vichache, tena kutoka kwa mwalimu aliyelelewa katika hali hiyo hiyo. Ukutani pameandikwa onyo la kumtaka aongee Kiingereza, na pembeni mwalimu anafafanua jotoridi na shinikizo kwa Kiswahili ili aeleweke, kisha anatoa mtihani kwa Kiingereza. Sera rasmi inasema lugha moja, darasa linasema nyingine, na mtoto analipia tofauti. Huyu naye ni mwalimu aliyeamua kufuata darasa.

Mafanikio ya kuhesabika

Mwaka 2001 ada ya shule za msingi iliondolewa tena, na Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM, ukaanza mwaka uliofuata. Wanafunzi wa msingi walikuwa takriban milioni 4.4 mwaka 2000. Mwaka 2005 walikuwa takriban milioni 7.5. Ulifuata mpango wa sekondari, MMES, kuanzia 2004, na amri ya kila kata kuwa na shule. Shule za sekondari zilikuwa 1,745 mwaka 2005, na zikafika 4,102 mwaka 2009. Wananchi walijenga kama walivyojenga miaka ya Musoma. Walimu hawakutosha kama hawakutosha wakati ule. Vijana waliotoka kidato cha sita walipewa mafunzo ya wiki chache na kupelekwa madarasani, na mitaani wakabatizwa "voda fasta". Maabara zilibaki maboma yasiyoezekwa huku somo la kemia likifundishwa kwa maneno.

Februari 2013 yalitangazwa matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012. Watahiniwa sita katika kila kumi walipata daraja la sifuri. Nchi ilitikisika, Waziri Mkuu akaunda tume, matokeo yakafutwa na kupangwa upya kwa kanuni nyingine, na idadi ya waliofaulu ikapanda. Lakini kupanga upya alama hakukuongeza kitabu hata kimoja katika kabati la shule yoyote. Wenye kumbukumbu watakubali kwamba tuliwalaumu walimu, wazazi, wanafunzi na Baraza la Mitihani, na tukachelewa kukiri jambo la wazi: watoto wale walifanya mtihani uliotungwa kwa ajili ya shule ambazo hawakusoma.

Mwishoni mwa 2015 ukatoka Waraka wa Elimu Na. 5, na kuanzia Januari 2016 elimu bila ada ikafika hadi kidato cha nne. Madarasa ya kwanza yalifurika. Ruzuku iliwekwa shilingi 10,000 kwa mwaka kwa mwanafunzi wa msingi na 25,000 kwa wa sekondari. Tafadhali itazame hiyo 10,000. Wakati wa MMEM kiwango kilichokubaliwa kilikuwa dola 10 za Marekani, ambazo zilikaribia shilingi 10,000 za siku zile. Mwaka 2016 dola moja ilikuwa imevuka shilingi 2,000. Namba ilibaki pale pale, thamani yake ikapungua kwa zaidi ya nusu. Mwaka huo huo wa 2016 ajira serikalini zilisitishwa kwa muda ili kupisha uhakiki wa watumishi. Na Januari 2018 Rais alipopiga marufuku michango shuleni, wapo walimu wakuu walioogopa hata kupokea debe la mahindi kutoka kwa mzazi, na baadhi ya shule zikaacha kupika. Nia ilikuwa kumlinda mzazi maskini. Lakini mtoto wake ndiye aliyeketi darasani kipindi cha mwisho bila kitu tumboni.

Haki inanitaka niseme pia yaliyojengwa. Mwaka 2016 nchi nzima ilihamasishwa kutengeneza madawati, na watoto wengi wakainuka kutoka sakafuni. Mwaka 2021, kwa sehemu ya mkopo wa shilingi trilioni 1.3 wa kukabiliana na UVIKO-19, yalijengwa madarasa 15,000. Ni kazi ya kupongezwa. Ila nyumba njema si mlango. Kiwango chetu wenyewe kinataka wanafunzi 45 kwa darasa la msingi na 40 kwa sekondari, na darasa jipya lisilo na mwalimu wa hisabati ni kivuli kizuri tu cha kujikinga na jua.

Je, tungesubiri?

Wapo watakaoniambia: "Mhadhiri, ungetaka tusubiri mazingira yakamilike? Tungesubiri, watoto wa wakulima wangekuwa bado wanachunga." Ni hoja yenye uzito, nami naiheshimu. Wengi wa wanafunzi wangu wa leo, wakiwamo mabinti wa familia ambazo hazikuwahi kuwa na mhitimu wa sekondari, wametoka katika shule za kata. Bila zile shule zilizochekwa wasingefika chuo kikuu. Azimio la Musoma nalo lisingekuwapo kama viongozi wangengoja saruji. Katika nchi maskini, sera jasiri mara nyingi ndiyo inayoyavuta mazingira yaje.

Ninachokipinga ni kutangaza sera kisha kuiacha shule peke yake iyatafute mazingira. Mara zote nilizozitaja hapa tulianza kwa moto na hamasa, tukahesabu kilichohesabika kwa urahisi, yaani ekari, watoto, majengo, madawati, na tulipofika kwenye yale yasiyopigwa picha, yaani mwalimu, kitabu, chakula, lugha, tulikuwa tumeshahamia kwenye sera nyingine. Aidha, shule zenye mazingira dhaifu zilipimwa kwa kipimo kimoja na zenye nguvu, kama katika ruzuku ya mkoloni, na tukaziita zembe zilipobaki nyuma. Maji hufuata mkondo, na mkondo huu ulichimbwa zamani.

Karakana na mwaka 2028

Haya si mambo ya kale. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, Toleo la 2023, inafanya elimu ya lazima kuwa miaka 10 na kuleta mikondo miwili sekondari: wa jumla na wa amali. Utekelezaji wa mitaala mipya ulianza Januari 2024. Watoto walioanza darasa la tatu mwaka huo watamaliza elimu ya msingi darasa la sita mwaka 2027, mwaka ule ule ambao wenzao waliowatangulia watamaliza darasa la saba. Maana yake ni kwamba Januari 2028 rika mbili zitabisha hodi kidato cha kwanza kwa pamoja. Tarehe hiyo haihitaji utabiri; tunao watoto wenyewe, wanahesabika kwa majina katika rejista za shule.

Na mkondo wa amali unanipa matumaini na hofu kwa kipimo sawa. Matumaini, kwa sababu ndilo wazo la 1967 limerudi kwa sura ya kisasa: elimu inayomfaa asiyekwenda chuo kikuu. Hofu, kwa sababu najua kilicholipata jembe. Amali inahitaji karakana, umeme wa uhakika, vifaa, mbao, vyuma, vitambaa, na fundi anayejua kufundisha. Shule yenye hivyo itazaa mafundi. Shule isivyonavyo itafundisha useremala ubaoni, na mtoto atachora randa kwenye daftari kama kaka yake alivyochora bomba la maabara. Baada ya miaka mitano wazazi watakuwa wametoa hukumu yao: amali ni ya walioshindwa. Hukumu ya namna hiyo ikishaingia katika kumbukumbu ya watu haiondolewi na waraka. Tumeona.

Kwa hiyo napendekeza mambo machache. Kwanza, mkondo wa amali ufunguliwe shule kwa shule, pale tu karakana na mwalimu vimekwisha kufika, na orodha ya shule hizo itangazwe hadharani ili wananchi waweze kudai. Pili, ruzuku ya shule ipandishwe kulingana na bei, na shule ya mazingira magumu ipewe zaidi ya ile ya mjini; usawa wa shilingi si usawa wa elimu. Tatu, nyumba ya mwalimu na mlo wa mchana vihesabiwe kuwa sehemu ya utekelezaji wa mtaala, visibaki kuwa fadhila. Nne, kila halmashauri itoe sasa hesabu ya nafasi na walimu watakaohitajika Januari 2028, wala tusingoje Desemba 2027 kuanza kuwatafuta wananchi wa kufyatua matofali kwa dharura. Tano, na kwangu hili ni kubwa, tuwape walimu wakuu ruhusa ya kusema kwamba jambo fulani halitekelezeki shuleni kwao bila kuonekana wakaidi. Litowa ilikufa kwa sababu watu wa chini walikuwa na maoni. Tusirudie.

Narudi kwa binti yule. Nilimpa alama kwa kufuata darasa, nikamweleza kwamba ualimu ni kumfikia mtoto aliyeko mbele yako. Lakini nilipoijaza fomu ya ukaguzi nilitafuta mahali pa kuandika kwamba alikuwa na wanafunzi 96 na kishikwambi kimoja kisicho na chaji. Hapakuwapo. Nikaandika pembeni, kwa kalamu, katika nafasi nyembamba iliyobaki.